Konokono Wasiingie: Mwongozo Kamili wa Kulinda Tangi la Samaki Lenye Mimea

Chukua jani la anubiasi ulilonunua jana, ligeuze, kisha limulike kwa tochi kutoka nyuma. Kando ya mshipa wa katikati huenda ukakuta ute ulioganda, urefu wake hauzidi punje moja ya mchele. Ukiusogelea zaidi utaona vidoa vyeupe ndani yake, kila kimoja kimetulia kwenye mviringo wake kama mbegu za pasheni. Baada ya siku kadhaa vidoa hivyo hukolea rangi na kuanza kuzunguka polepole ndani ya ute. Hao ni konokono. Ukiliweka jani hilo tangini leo, wiki ijayo au ile ya pili watakuwa wametoka.

Nililijua hilo nikiwa nimeshachelewa. Tangi langu la kwanza lenye mimea, la lita 120, nililianzisha hapa Mwanza kwa mafungu manne ya mimea ya kununua. Niliyasuuza bombani, nikayakagua kwa macho, sikuona konokono hata mmoja, nikapanda. Wiki ya tatu walikuwa wawili kwenye kioo. Mwezi wa tatu, kila nilipowasha taa alfajiri, kioo cha mbele kilikuwa kimejaa madoa ya kahawia toka juu hadi chini, na sponji ya kichujio ilikuwa inaziba kila wiki. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuwadhibiti. Matangi mawili niliyoanzisha baadaye kwa utaratibu ninaoueleza hapa hayajapata konokono hadi leo.

Kwa haki, konokono wadogo hawa si waharibifu wakubwa wa mimea. Wengi wao hula mwani, majani yaliyokufa na chakula kilichobaki, na jani zima lenye afya hawaligusi sana. Kinachosumbua ni wingi wao. Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo lingine zito zaidi, nalo nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu miongozo mingi inayoandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani hailigusi.

Uwatambue kwanza

Dawa inayommaliza mmoja humwacha mwingine mzima, kwa hiyo usianze kazi kabla hujajua unapambana na nani.

Konokono kibofu (Physella acuta) ana ganda jembamba linalong'aa, la kahawia lenye madoa, mara nyingi chini ya sentimita moja na nusu. Lishike ganda lake ncha ikiwa juu na mdomo ukikutazama: mdomo uko upande wa kushoto. Anatembea haraka kuliko unavyotarajia kwa konokono, na hutaga ute wenye mayai kadhaa, mara nyingi kwa makumi.

Konokono bapa wamejiviringa kama kamba iliyokunjwa juu ya meza, bila ncha inayochomoza. Wapo wekundu, wa kahawia na weusi. Ute wa mayai yao pia ni bapa, wa mviringo, umegandamana na jani kama kifungo cha shati.

Konokono tarumbeta (Melanoides tuberculata) ana ganda refu lenye ncha kali, kama pembe ndogo. Huyu ni mwenyeji wa maji ya Afrika na Asia, na ndiye mgumu kuliko wote. Hatagi mayai, anazaa watoto hai, na jike mmoja huweza kuzaa bila dume. Mchana hujizika mchangani, usiku ndipo anatoka. Zaidi ya hayo ana kifuniko kigumu cha kufungia mdomo wa ganda, hivyo ukimchovya kwenye dawa anajifungia ndani na kusubiri.

Yuko pia konokono tufaha, mkubwa na wa kupendeza, anayeuzwa kama pambo. Ukiona kichane cha mayai ya waridi juu ya usawa wa maji, mara moja yakwangue na uyaponde. Jamii hii, Pomacea canaliculata, iligunduliwa mwaka 2020 kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya, na inakula miche michanga. Mfugaji wa samaki wa mapambo hana sababu yoyote ya kumhifadhi.

Kichocho: sababu ya kuwa makini zaidi kuliko wenzetu wa mbali

Konokono bapa wa jamii ya Biomphalaria ndio wanaobeba kichocho cha tumbo. Wapo Ziwa Victoria, wapo mitoni na kwenye mifereji ya umwagiliaji. Jamii ya Bulinus, ambao mdomo wa ganda lao nao uko kushoto kama wa konokono kibofu, hubeba kichocho cha mkojo, ugonjwa unaojulikana sana Unguja, Pemba na sehemu nyingi za pwani. Kwa macho tu, mtu asiye mtaalamu hawezi kumtofautisha Bulinus na konokono kibofu kwa uhakika, wala konokono bapa wa dukani na yule wa ziwani. Usijaribu kubahatisha.

Ugonjwa unakwenda hivi. Mayai ya minyoo hutoka kwenye mkojo au choo cha mtu na kuingia majini. Huko yanaanguliwa, viluwiluwi vinamwingia konokono, na baada ya wiki 4 hadi 6 konokono huyo anaanza kumwaga majini viluwiluwi vya hatua nyingine, vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyotoboa ngozi ya binadamu. Hakuna haja ya kunywa maji, kuzamisha mkono kunatosha.

Mambo mawili katika mzunguko huo yatakuongoza. La kwanza, konokono hamrithishi mtoto wake maambukizi kupitia yai. Kwa hiyo aliyeanguliwa ndani ya tangi lako, ambalo halijaingiwa na choo wala mkojo wa mtu, hana kichocho. Hatari ni konokono aliyekuja tayari amekua kutoka ziwani, mtoni au bwawani. La pili, viluwiluwi vilivyoko majini hufa ndani ya takribani siku mbili visipompata mtu. Lakini konokono mwenyewe akibaki ndani ya ndoo anaendelea kumwaga vingine kwa wiki nyingi.

Ndiyo maana ushauri wangu ni mkavu: usiende kuchuma mimea ziwani. Najua ni bure na najua inavutia, mimi naishi hatua chache kutoka ufukweni na mimea ya kijani inaelea pale kila siku. Nunua kwa anayekuza mwenyewe kwenye matangi. Kama mmea wa ziwani umeshakufikia, vaa glavu ndefu za mpira zinazopita kiwiko, toa kila konokono kwa koleo, mwaga maji uliyokuja nayo kwenye udongo mkavu wa jua kali mbali na mtaro, kisha uache mmea siku tatu kwenye maji safi ya bomba kabla ya kuugusa kwa mkono mtupu. Wala usivute maji ya ndoo hiyo kwa kunyonya mpira kwa mdomo, kama wengi wetu tulivyozoea. Ngozi laini ya mdomo nayo hupenywa.

Ukiwa umeshagusa maji ya namna hiyo, nenda kituo cha afya ukaeleze. Kipimo cha choo au mkojo huangalia mayai ya minyoo, na minyoo huchukua wiki kadhaa kukomaa na kutaga, kwa hiyo ukipima siku ya pili yake huenda usione kitu ingawa umeambukizwa. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na inafanya kazi vizuri.

Hatua ya kwanza: chagua mmea kabla haujafika nyumbani

Mimea iliyokuzwa maabara ndani ya vikombe vya jeli haina konokono kabisa. Ukiipata, nunua, hata kama bei inauma. Kwetu hapa si rahisi kuipata, hivyo wengi tunanunua mafungu kutoka kwenye tangi la muuzaji. Kabla hujaangalia mmea, angalia tangi lenyewe. Inama, tazama kona za chini za kioo na sehemu maji yanapokutana na hewa. Konokono wakiwepo huko, mayai yapo kwenye mimea, hata kama fungu ulilopewa linaonekana safi.

Mmea wenye majani magumu ni rahisi kusafisha: anubiasi, feni (kangaga) ya Java, feni ya Kiafrika aina ya Bolbitis. Moss, ule mmea wa nyuzi nyembamba, ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu ute wa mayai hujificha katikati ya nyuzi na huwezi kuuona wala kuufikia. Moss ya tangi lenye konokono mimi siinunui kabisa.

Hatua ya pili: meza, beseni jeupe na nusu saa ya uvumilivu

Weka beseni jeupe lenye maji karibu na dirisha. Ondoa uzi, kipande cha risasi cha kuzamishia mmea au sponji iliyofungia shina. Sponji zile za vyungu vidogo tupa bila huruma, ndimo mayai na konokono wachanga wanamojificha. Kata kila jani linalooza. Kata pia jani lenye ute, usijisumbue kukwangua, mmea utatoa jingine. Punguza mizizi ibaki sentimita tatu hivi.

Halafu pitisha kila jani kati ya kidole gumba na cha shahada, juu na chini. Macho hukosea, kidole hakikosei: ute wa mayai unateleza halafu unakwama kidogo, kama tone la gundi lisilokauka vizuri. Chunguza hasa pale jani linapoungana na shina.

Hatua ya tatu: kuchovya

Nina njia mbili ninazozitegemea, na ya kuchagua inategemea mmea.

Kwa majani magumu natumia jiki, ile ya kawaida isiyo na harufu ya maua wala sabuni. Soma asilimia kwenye chupa. Jiki ya asilimia 5 changanya sehemu 1 kwa sehemu 19 za maji. Zinazouzwa madukani kwetu mara nyingi ni karibu asilimia 3.5, hizo changanya sehemu 1 kwa 13. Pima kwa kikombe kilekile. Fungua madirisha, vaa glavu, na usichanganye jiki na siki wala dawa nyingine ya usafi, mvuke wake unadhuru mapafu.

Zamisha mmea, utikise taratibu, hesabu kwa saa ya simu: sekunde 60 hadi 90 kwa jani la wastani, dakika 2 kwa anubiasi. Usizidishe kwa kudhani unaongeza usalama. Toa, suuza kwenye maji yanayotiririka, kisha ulaze mmea dakika 10 kwenye ndoo yenye dawa ya kuondoa klorini, mara tatu au nne ya kipimo cha kawaida. Uunuse. Ukisikia harufu ya jiki hata kwa mbali, rudia ndoo. Samaki hawana ulinzi wowote dhidi ya klorini.

Moss, valisneria na mimea ya majani membamba kama nywele usiipeleke kwenye jiki, itayeyuka. Hiyo natumia shabu, ile fuwele nyeupe ya sokoni inayotumika kutuliza maji ya matope. Isage, yeyusha vijiko 2 vya chakula kwenye lita 4 za maji, laza mmea saa 2 hadi 3, kisha suuza sana. Shabu inawaua konokono na kuwadondosha, lakini kwenye mayai haiaminiki kama jiki, kwa hiyo mmea uliopita kwenye shabu lazima ukae karantini (hatua ya nne) muda wote bila kufupisha hata siku moja.

Maji ya chumvi na pamanganeti, ile dawa ya zambarau, watu wengi wanayasifu. Huwapukutisha konokono wakubwa, ndiyo, lakini mayai mengi hubaki salama ndani ya ute, na mayai ndiyo shida yenyewe.

Hatua ya nne: karantini, ambayo ndiyo kazi yote

Ukiniambia unaweza kufanya hatua moja tu kati ya hizi, nitakwambia fanya hii. Kuchovya hupunguza. Karantini ndiyo inayothibitisha.

Ndoo ya lita 20 au beseni kubwa la plastiki linatosha, likiwa jeupe ni bora zaidi. Liweke penye mwanga wa dirisha usio jua kali, au chini ya taa saa 8 kwa siku. Usiweke samaki, usiweke mchanga. Mimea ielee tu. Tone la mbolea ya maji mara moja kwa wiki litaiweka hai. Dondosha pia kipande cha jani la letusi kama chambo, kwa sababu konokono mchanga akitoka kwenye yai ana ukubwa wa kichwa cha pini na hutampata kwa kutafuta, atakuja mwenyewe kwenye chakula.

Katika joto la maji la nyuzi 25 hivi, mayai huanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili. Wiki 4 za karantini zinakupa muda wa yai lililochelewa, na muda wa kichanga kukua hadi uweze kumwona. Kwenye baridi ya Iringa, Arusha au Nairobi, ambako maji ya ndani yanaweza kushuka chini ya nyuzi 20, kila kitu kinakwenda polepole, hivyo fanya ziwe wiki 6.

Kagua usiku, saa moja baada ya kuzima taa, kwa tochi. Geuza letusi. Pitisha mwanga kwenye kuta za ndoo usawa wa maji. Kila wiki badilisha maji yote na ufute ndoo kwa taulo ya karatasi. Ukikuta konokono mmoja au ute mmoja, mmea urudi kwenye dawa na hesabu ianze upya kutoka siku ya kwanza. Inakera. Mwaka jana fungu moja la kriptokorini nililirudisha mara mbili, na mara ya pili ilikuwa siku ya 23, nimeshaandaa nafasi yake tangini. Nilirudisha hesabu.

Milango mingine ambayo watu huisahau

Maji ya mfuko wa samaki. Usiyamwage tangini kamwe. Mtoe samaki kwa wavu mdogo, maji yaende chooni.

Mchanga wa mtoni. Kuuanika juani siku mbili hakutoshi, kwa sababu baadhi ya konokono wetu, Bulinus na Biomphalaria wakiwemo, wamezoea kiangazi na huweza kulala kwenye tope kavu kwa miezi. Umwagie maji yanayochemka, koroga, mwaga, rudia mara tatu. Gogo lichemshwe saa nzima. Mawe yamwagie maji ya moto tu, usiyachemshe sufuriani, mengine hupasuka.

Wanaofuga samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, wale wanaoishi ndani ya makome matupu ya Neothauma, wachemshe makome hayo kila yanapohama tangi. Nyavu, mipira na sponji za kichujio za kuazimana nazo zikauke kabisa au zipite kwenye maji ya moto. Sponji iliyozeeka ya rafiki ni zawadi nzuri kwa bakteria wake, lakini kama tangi lake lina konokono, pole, ikatae.

Wakishaingia

Usikimbilie dawa ya shaba. Inaua konokono, inaua uduvi, inadhuru mimea, na maiti mamia za konokono zinazooza kwa wakati mmoja hujaza tangi amonia. Nimeona tangi la jirani likipoteza samaki wote kwa siku mbili kwa sababu hiyo.

Anza na mkono unaolisha. Idadi ya konokono haiongezeki pasipo chakula. Lisha mara moja kwa siku, kiasi ambacho samaki wanamaliza ndani ya dakika mbili, na siku moja kwa wiki usilishe kabisa. Samaki wazima hawatadhurika. Nyonya uchafu wa mchangani, kata majani yanayokufa, futa mwani kwenye kioo. Kwa hili pekee, ndani ya miezi miwili konokono wa tangi langu walipungua hadi nikaanza kuweza kuwahesabu.

Pamoja na hilo, tega. Chovya jani la mchicha au kipande cha tango kwenye maji ya moto hadi kilainike, kifunge kwenye uma wa chuma kisipate kuelea, kishushe baada ya kuzima taa. Alfajiri, kabla ya kuwasha, kipandishe taratibu na konokono wake. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki mbili mfululizo, maana ukiruka siku tatu watoto wapya wanajaza pengo. Mayai ya kwenye kioo yaponde kwa kadi ngumu.

Kuhusu viumbe walao konokono, nina tahadhari. Kuna konokono wa Asia ya Kusini-Mashariki, Anentome helena, anayewinda wenzake na kuzaliana polepole. Ukimpata kwa muuzaji wa kuaminika, anafaa. Yule samaki mwenye mistari wanayemwita klaun loachi hukua hadi sentimita 30, na tangi la lita 120 ni jela kwake. Ziwa letu lina furu mtafuna konokono, Astatoreochromis alluaudi, ambaye nchini Kenya alijaribiwa mabwawani dhidi ya konokono wa kichocho. Ilionekana kwamba akikulia kwenye chakula laini, taya zake za kooni na meno yake yanakuwa dhaifu, asiweze kuponda maganda ipasavyo. Na hata mwenye taya nzuri atafukua mimea yako yote.

Akiwa ni tarumbeta na ameshajaa mchangani, hakuna mtego utakaommaliza. Hapo unachagua: ukae naye kwa idadi ndogo, au ubomoe tangi, utupe mchanga, uchemshe kinachochemka na mimea irudi kwenye ndoo ya karantini.

Unaowatoa, wamwagie maji yanayochemka, kisha wafukie bustanini pamoja na majani uliyokata. Usiwatupe mtaroni wakiwa hai, na usiupeleke mmea wa tangi ziwani kwa kuuonea huruma. Gugu maji, mmea wa Amerika Kusini uliowahi kupandwa kwa ajili ya maua yake, liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na wavuvi wa hapa Mwanza wangali wanalisukuma kwa makasia ili mitumbwi ipate pa kupita.